Kibarua cha Sikukuu au ajira ya mwezi mzima? Kazi za viwanja vya burudani Unguja na Pemba

Kila Sikukuu inapokaribia, vijana wa Mjini na wa shamba huanza kuulizana nani anachukua watu. Viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo ya hapa Unguja vitajaa, vya Tibirinzi kule Chake Chake vilevile, na hoteli za pwani zenye mabwawa ya kuteleza zitataka mikono ya ziada. Jibu huja kwa sura mbili. Mmoja anaambiwa: njoo siku zote nne, utalipwa jioni kwa jioni. Mwengine anaambiwa: lete vyeti na barua ya sheha, ukipita utaanza mwezi ujao, mshahara mwisho wa mwezi. Sikukuu mosi jioni yule wa kwanza ana noti mfukoni na wa pili hana kitu, na mtaa mzima unamwona wa kwanza ndiye aliyejua kuchagua.

Nimewahi kukaa mlango wa tiketi, na nimewahi kuwa mpangaji wa zamu. Wapwa zangu wakiniuliza, "Mjomba, tuchukue ipi?", siwajibu kwa kuwatajia malipo ya siku. Nawauliza: Aprili ataibeba nani? Masika ikishuka, wageni wakiondoka na pembea zikilowa, lazima pawe na mtu wa kula hasara ya miezi ile. Kwenye ajira ya muda kamili hasara hiyo ni ya mwajiri. Kwenye kibarua ni yako. Bima, ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar), likizo, hata sahani ya chakula cha mchana, yote yanafuata jibu la swali hilo.

Tunalinganisha nini hasa

Zanzibar haina kiwanja cha burudani cha ukubwa wa vile vya Orlando au Abu Dhabi, ambako mtu huajiriwa kazi moja tu ya kufunga mikanda ya watoto kutwa nzima. Tulichonacho kimetawanyika. Kuna viwanja vya pembea vya mjini. Kuna mabwawa yenye mabomba ya kuteleza ndani ya hoteli, baadhi yake zikiuza kiingilio cha siku kwa wasiolala hapo. Kuna kituo cha vipepeo cha Pete, karibu na msitu wa Jozani, na bwawa la kasa la Mnarani, Nungwi. Kuna mashamba ya viungo upande wa Kizimbani na Kindichi, ambako mgeni hulipa ili atembezwe, aonjeshwe mdalasini na aangalie mtu akipanda mnazi huku anaimba. Majina ni mengi, kazi zenyewe zinafanana: tiketi, mashine, ulinzi wa bwawa, kutembeza wageni, jiko, usafi, geti.

Ajira zake si mbili tu kama kichwa cha habari kinavyodai. Kibarua huitwa akihitajika na hulipwa kwa siku. Yupo wa saa chache lakini za uhakika, mfano mwanafunzi wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambaye jina lake limo kwenye ratiba kila Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili. Yupo wa mkataba wa msimu, Juni hadi Oktoba au Disemba hadi Februari. Halafu yupo wa muda kamili, siku sita kwa wiki, mwaka mzima. Huyu wa mwisho asijidanganye kuwa "muda kamili" maana yake ni "kudumu". Unaweza kufanya kutwa nzima, siku sita, na mkataba wako ukaisha tarehe 31 Machi, siku moja kabla ya mwezi mgumu kuliko yote. Wanaopanga mikataba wanajua kusoma kalenda.

Hesabu ya mwaka

Tuchukue namba za mfano, uzibadilishe mwenyewe kwa zile utakazotajiwa. Kibarua analipwa shilingi 20,000 kwa siku. Wa muda kamili analipwa 380,000 kwa mwezi. Mwezi wa Agosti, kibarua akiitwa siku 24, anapata 480,000. Kamzidi mwenziwe kwa laki moja kamili, na hapo hujamkata mwenziwe michango. Ukipima kwa Agosti, mjadala umekwisha.

Sasa twende mwaka mzima. Tuseme ameitwa siku 24 kila mwezi kuanzia Julai hadi Septemba, siku 22 kila mwezi kuanzia Disemba hadi Februari, siku 15 Juni na siku 15 Oktoba, siku 10 Machi na siku 10 Novemba, na siku nne nne tu Aprili na Mei. Jumla ni siku 196, sawa na 3,920,000. Wa muda kamili amepokea 4,560,000 kabla ya makato. Kibarua kwa wastani kapata kama 327,000 kwa mwezi, lakini wastani hauli wala haulipi kodi ya chumba. Aprili alipata 80,000, na mwenye nyumba alitaka kodi yake ileile.

Ongeza nauli. Wa muda kamili hotelini mara nyingi huja na gari la wafanyakazi. Kibarua hupanda daladala, na akitoka Mjini kwenda Nungwi au Paje si nauli ya kwenda Bububu. Ukimwekea 4,000 tu kwa siku, kwenda na kurudi, siku zile 196 zimemtoa 784,000. Mapato yake ya mwaka yameshuka hadi 3,136,000, na bado hajala.

Hesabu hii inaweza kugeuka, nami sitaki kuificha. Kibarua mwenye ujuzi unaotafutwa, kama fundi wa mashine za pembea au mlinzi wa bwawa anayejua kuogelea kweli na ana cheti cha huduma ya kwanza, hulipwa kwa siku mara mbili au tatu ya muuza tiketi, na anaweza kuzunguka viwanja vitatu. Huyo hata mimi nisingemwambia aende kutia saini mshahara wa kima cha chini. Kwa wengi wetu wa geti na wa ufagio, hesabu ya mwaka humpa ushindi wa muda kamili.

Kalenda mbili zinazogongana

Jambo hili mtu wa nje hawezi kuliona, na ndilo linalofanya uamuzi wa hapa usifanane na wa kwengine. Burudani ya Zanzibar inaendeshwa na kalenda mbili. Hoteli zinafuata pepo. Kusi ikivuma, Julai hadi Septemba, Ulaya wako likizo na wageni wanamiminika. Kaskazi ikiingia, Disemba hadi Februari, wanakuja wanaokimbia baridi. Masika, Machi mwishoni hadi Mei, hoteli nyengine hufunga kabisa na kupaka rangi. Viwanja vya wenyeji vinafuata mwezi mwandamo. Ramadhani vinalala, Idd vinafurika siku nne mchana na usiku, kisha vinarudi kuwa vya Jumamosi na Jumapili na likizo za skuli.

Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, Idd husogea nyuma kila mwaka. Miaka hii Idd el-Fitri inaangukia Machi na Idd el-Hajj Mei. Yaani sikukuu zote mbili zimeangukia au kukaribia ule wakati hoteli zimelala. Kibarua mwerevu anaziba pengo: msimu wa kusi yuko pwani, Idd yuko Kariakoo au Mnazi Mmoja. Kwa miaka michache hii mpango huo unafanya kazi vizuri kuliko ulivyofanya pale Idd ilipokuwa ikiangukia Agosti, ambapo kila mwajiri alitaka watu wiki ileile na baada ya hapo kimya kwa wote.

Lakini usijenge maisha juu yake. Ikifika 2030 Idd el-Fitri itakuwa mwanzoni mwa Februari, katikati ya msimu wa wageni, na pengo la masika litabaki na Idd el-Hajj peke yake. Na Idd ya masika ina kasoro yake: mvua. Pembea zikifungwa kwa radi, aliyekuja kulipwa kwa siku anaweza kurudishwa nyumbani saa nane mchana, na hapo ndipo mnapoanza kubishana kama siku hiyo ni nzima au nusu. Mkubaliane kabla hujavaa fulana ya kazi.

Kwa upande wa muda kamili, kalenda ina bei nyengine. Idd si yako. Familia inakwenda kupeana mikono, watoto wamevaa nguo mpya, wewe umesimama kwenye foleni ya treni ya watoto ukiwahesabu watoto wa wenzako. Wafanyakazi wa viwanja huwa na mzaha wao kwamba wao husherehekea Idd tano, yaani siku ya tano, wenzao wakishamaliza. Ajira nzuri hukupa siku ya fidia baada ya kishindo kupita, au malipo ya ziada kwa sikukuu ya taifa. Ajira mbaya hukupa soda.

Mafao: yapi ni ya nani

Kwanza ondoa mkanganyiko unaowaponza wengi wanaotafuta majibu kwenye simu. Mambo ya kazi si ya Muungano. Ukisoma kuhusu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, au NSSF, au mfuko wa fidia wa WCF, unasoma mambo ya Bara. Zanzibar tunayo Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, tunayo ZSSF, na pa kupeleka malalamiko ni Kamisheni ya Kazi ya hapa. Idadi ya siku za likizo au saa za wiki uliyosimuliwa na binamu yako wa Dar es Salaam inaweza isiwe yako. Hata kima cha chini cha sekta binafsi hutangazwa na Serikali ya Mapinduzi kivyake.

ZSSF ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mfuko ulianzishwa 1998. Mfanyakazi anakatwa sehemu, mwajiri anaongeza sehemu iliyo kubwa zaidi ya yako, na jumla inaingia kwa jina lako. Kwa hiyo yule wa muda kamili anayelalamika kuwa "wananikata" kasahau nusu ya habari: kwa kila shilingi anayokatwa, kuna zaidi ya shilingi moja ya mwajiri inayomwingilia ambayo kibarua haioni kabisa. Na si pensheni tu. Yamo mafao ya uzazi, ya ulemavu na ya warithi. (Kichekesho kidogo: viwanja vya Kariakoo na vya Tibirinzi ni vitega uchumi vya ZSSF yenyewe. Mtoto wako akipanda pembea pale, fedha yake inarudi kwenye mfuko wa wastaafu.)

Kibarua hakufungiwa mlango. ZSSF ina mpango wa hiari kwa wasio kwenye ajira rasmi, na mtu anaweza kuchangia mwenyewe kadiri anavyopata. Tofauti ni kwamba hapo hakuna mwajiri wa kukuongezea, na nidhamu ya kuchangia Agosti kwa ajili ya uzee ni nidhamu ngumu. Asiyechangia popote atasubiri penjeni jamii, ile ambayo serikali ilianza kuilipa 2016 kwa kila mzee aliyefika miaka 70. Ni jambo zuri na la heshima, lakini mtu aliyesimamia mashine tangu ana miaka 20 asiipangie kuwa ndiyo mpango wake.

Matibabu yamebadilika. Siku za nyuma mtu angeweza kusema bima si hoja, hospitali za serikali zinatibu bure. Sasa upo Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ZHSF, uliotungiwa sheria 2023. Ulianza na watumishi wa serikali, kisha sekta binafsi. Mfanyakazi mwenye mkataba anaingizwa kupitia mwajiri wake, na wanaomtegemea nao hunufaika. Kibarua anabaki kutegemea alichonacho mfukoni siku homa inapomkuta. Wakati wa mahojiano usiulize "mna bima?" maana kila mtu atajibu ndiyo. Uliza: jina langu litaingizwa lini, na wanangu wamo?

Ajali ni suala ambalo kwenye kazi hizi lingestahili kuwa la kwanza. Mashine zinazozunguka, sakafu ya bwawa yenye utelezi, umeme karibu na maji, mtu anayepanda mnazi mara kadhaa kwa siku ili wageni wapige picha. Zanzibar ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini, lakini sheria humsaidia anayeweza kuonesha kuwa alikuwa mfanyakazi. Mwenye mkataba anaonesha mkataba. Kibarua anaonesha nini? Kama daftari la mahudhurio halina saini yako na malipo yalikuwa mkononi, siku ya kuvunjika mguu unaweza kugeuka "kijana aliyekuwa akipita tu". Ndiyo maana nawaambia hata wale wa siku nne: tia saini unapoingia, piga picha ukurasa wa daftari kwa simu yako, na ukilipwa kwa simu ni afadhali kuliko kulipwa noti, kwa sababu ujumbe unabaki.

Uzazi, kwa dada zetu, ni mahali ambapo mizani inalala upande mmoja. Mwenye mkataba ana likizo ya uzazi kisheria na nafasi yake inamsubiri. Kibarua akianza kuonekana tumbo, simu haipigwi tena. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemwita. Nimeona likifanyika kimyakimya mara nyingi kiasi kwamba sioni haja ya kupamba maneno.

Chakula, gari, sare na bahashishi

Hivi haviandikwi kwenye tangazo, na wakati mwengine ndivyo vinavyoamua. Hotelini, wa muda kamili anakula kantini, anapewa sare mbili na wengine wanalala kwenye nyumba za wafanyakazi. Kibarua mara nyengine hula, mara nyengine huambiwa ajitegemee, na chakula cha nje eneo la watalii hakina bei ya urojo wa mtaani.

Bahashishi haina haki hata kidogo. Anayegusana na mgeni hupata, anayefua taulo hapati. Sehemu nyengine zinakusanya zote katika sanduku moja na kugawa mwisho wa mwezi. Waulize kama vibarua wamo kwenye mgao. Mara nyingi hawamo, ingawa wao ndio waliobeba msimu. Kiingilio cha bure kwa familia, punguzo la chakula, na siku ya wafanyakazi na watoto wao kwenye pembea ni vitu vidogo, ila kwa mwenye watoto wanne vina thamani ya kuhesabika. Mara zote huwa vya wale walio kwenye orodha ya mishahara.

Aina moja ya kuikimbia

Kuna mfanyakazi wa tano ambaye sikumtaja juu, na ndiye mwingi kuliko wote. Anafanya siku sita kwa wiki, mwaka wa tatu huu, ana funguo za stoo, anafundisha wageni wa kazi, na bado analipwa kwa siku. Hana mkataba. Hana ZSSF. Akiugua siku mbili, hizo siku mbili hazilipwi. Masika ikifika anaambiwa apumzike, ataitwa. Yaani ana saa za muda kamili na haki za kibarua.

Namna anavyofika hapo ni ya polepole. Anaanza kwa siku nne za Idd. Anafanya vizuri, anaambiwa abaki wikiendi. Msimu unaingia, anaongezwa siku. Kila hatua inaonekana kama kupanda, na kila hatua meneja anasema karatasi zinakuja. Karatasi haziji kwa sababu hakuna kinachomlazimisha mtu yeyote azilete: kazi inafanyika, na kijana anaogopa kuuliza asije akaonekana ana maneno mengi.

Ukijikuta umeitwa mwezi wa tatu mfululizo kwa siku zinazofanana, huo ndio wakati wa kuuliza, msimu ukiwa bado juu. Agosti wanakuhitaji. Aprili huna la kuwashika nalo. Uliza kwa adabu, ikibidi kwa barua fupi yenye tarehe. Wakikwepa, nenda Kamisheni ya Kazi ukaulize hali yako inaitwaje kisheria; kuuliza si kushitaki. Vyama vya wafanyakazi navyo vipo, chini ya shirikisho la ZATUC, na wafanyakazi wa mahoteli wana chama chao. Vibarua wengi hawajui kuwa wanaweza hata kubisha hodi.

Kwa haki ya waajiri, wengine si wabaya, ni waoga. Wanakumbuka 2020, korona ilipofunga njia za wageni na mabwawa yakabaki na maji bila watu. Mwenye kiwanja aliyekuwa na mishahara mingi ya kudumu aliumia. Tangu hapo wengi wanapenda watu wanaoweza kuachwa kwa simu moja. Mwaka ule pia ulionesha kuwa mkataba si ngao ya chuma, kwani wapo wenye mikataba waliopelekwa likizo bila malipo. Lakini wao walikuwa na michango yao ZSSF na nafasi ya kurejea wageni waliporudi.

Pemba kidogo

Pemba hesabu ni fupi. Nafasi za muda kamili kwenye burudani ni za kuhesabu kwa vidole, kwa sababu Tibirinzi hujaa Sikukuu na wikiendi, na watalii wa Pemba ni wachache wanaokuja zaidi kwa kuzamia. Hapo saa chache ndiyo hali ya kawaida, na haina ubaya ikiwa imeshikanishwa na kitu. Wapemba wana karafuu. Msimu wa kuchuma ukiwa mzuri, malipo ya mchumaji mwepesi yanaweza kumfanya acheke mshahara wa geti. Anayefanya Idd Tibirinzi, karafuu kwa msimu wake, na shamba la muhogo nyuma ya nyumba, si mtu asiye na kazi. Kinachomkosa ni mfuko wa uzee tu, na mpango wa hiari wa ZSSF umetengenezwa kwa watu kama yeye.

Matangazo ya Ghuba na Marekani

Siku hizi simu zimejaa matangazo ya viwanja vya burudani vya Ghuba. Vipo kweli: Ferrari World ilifunguliwa Abu Dhabi 2010, na kisiwa hichohicho cha Yas kimeongezwa vyengine, SeaWorld ikiwa ya 2023. Kwa Mzanzibari anayekwenda, mpango wa kawaida ni muda kamili, kwa sababu viza na kitanda vinafungamana na mwajiri. Kuna vitu viwili vya kupendeza katika sheria ya Falme za Kiarabu: likizo ya siku 30 kwa mwaka baada ya kutimiza mwaka, na kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Angalia neno "msingi". Mkataba ukiandika msingi mdogo na posho kubwa, kiinua mgongo nacho ni kidogo. Na mtu akikwambia utafika kwa viza ya utalii kisha utafute kazi ya saa chache, huyo hakutakii mema.

Marekani ni hadithi nyengine, na mara nyingi hutajwa kuwa kule hata wa saa chache ana mafao. Ni kweli nusu. Disney ina mpango wa kulipia masomo, ulioanza 2018, unaowachukua wafanyakazi wa saa wa muda kamili na wa saa chache pia. Lakini sheria yao ya bima ya afya huwalazimisha waajiri wakubwa kuwafikiria wale wanaofikia wastani wa saa 30 kwa wiki, na viwanja vya msimu, vinavyofunguliwa si zaidi ya miezi saba kwa mwaka, vinaweza kusamehewa kanuni za taifa za kima cha chini na malipo ya saa za ziada. Kumbe hata huko, wa msimu ndiye anayebeba majira ya baridi.

Nani achukue ipi

Mwanafunzi achukue saa chache, bila ya kujiuliza mara mbili, mradi jina lake limo kwenye ratiba na si kwenye simu ya meneja tu. Anayesoma utalii pale Maruhubi anapata na uzoefu wa kuandika kwenye wasifu wake. Mama mwenye biashara ya maandazi asubuhi naye, saa chache za jioni zinamtosha, na asikubali kuvunja biashara yake kwa mkataba wa miezi sita. Fundi mwenye ujuzi adimu abaki kibarua kama anataka, lakini afungue daftari lake ZSSF mwenyewe.

Mwenye kodi ya nyumba, watoto na wazazi shamba achukue muda kamili, hata kama mshahara wa mwezi ni mdogo kuliko wa kibarua wa Agosti. Akiwa na chaguo kati ya mkataba wa msimu wenye malipo mazuri na wa mwaka mzima wenye malipo ya kawaida, mimi ningechukua wa mwaka, isipokuwa ule wa msimu uwe na sentensi inayosema nitarudishwa msimu ujao.

Na kabla ya kusema ndiyo kwa yeyote, peleka maswali haya: mkataba unaanza tarehe gani na unaisha tarehe gani, Aprili na Mei nalipwa nini mkifunga, ZSSF na ZHSF mnaniingiza mwezi wa ngapi, mvua ikifunga mashine, siku yangu ni nzima au nusu, Idd nikifanya kazi nafidiwa vipi, gari la wafanyakazi linapita wapi na usiku linarudi saa ngapi. Hilo la mwisho dada wasilione dogo. Zamu inayoisha saa tano usiku Kiwengwa, na daladala zimekwisha, ina gharama ambayo hakuna karatasi ya mshahara inayoionesha.

Wakijibu kwa mdomo, omba waandike. Wakisema "tutaona", hiyo ni bei ya kibarua, basi dai ulipwe kwa siku, tena jioni ileile.